Wana wa Machifu Katika Ukumbi wa Mdahalo

Mji wa Tabora, uliokaa katikati ya nchi tambarare ya Unyamwezi, mbali na bahari na mbali na maziwa, una tarehe ndefu kuliko ukubwa wake. Hapo ndipo njia ya misafara iliyotoka pwani ilipogawanyika, moja ikishika magharibi kwenda Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hapo ndipo Waarabu walipojenga nyumba za tembe, wakapanda miembe, wakaishi na watemi wa Unyanyembe kwa ujirani uliokuwa mara wa amani mara wa vita. Hapo ndipo Burton na Speke walipofika mwaka 1857, wakaandika habari za mji kwa jina la Kazeh. Na hapo karibu, katika kijiji cha Kwihara, ndipo Livingstone alipokaa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akingoja wapagazi wa safari yake ya mwisho. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani katika nchi hiyo mpaka Januari 1893, boma lake lilipovunjwa naye akaitia moto baruti ya ghala lake kuliko kujisalimisha. Reli ikafika mwaka 1912, na mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji kutoka mikononi mwa Wajerumani. Mambo hayo yamesimuliwa na wengi, na kwa marefu na mapana. Mimi nataka kusimulia habari za vijana waliopelekwa katika mji huo baada ya vita, kutoka pande zote za Tanganyika, ili wafunzwe utawala. Na jinsi walivyojifunza, baada ya saa za darasa, jambo ambalo waliowapeleka hawakulikusudia.

Wajerumani walikuwa wamefungua shule ya kwanza ya serikali huko Tanga mwaka 1892, na madhumuni yake yalikuwa bayana: kupata makarani, watarishi, walimu na maakida watakaojua kusoma na kuandika Kiswahili, ili amri ya mzungu mmoja ifike kwa watu elfu bila ya kupotea njiani. Waingereza walipoipokea nchi walikuta watu wa namna hiyo wamejaa katika mabaraza ya wilaya, na kwa miaka ya mwanzo waliwatumia vivyo hivyo. Lakini mwaka 1925 alikuja Gavana Donald Cameron kutoka Nigeria, naye alikuja na itikadi yake: kwamba nchi itawaliwe kwa mikono ya watawala wake wa asili, watemi na machifu na wakama, na akida wa kigeni asiyekuwa na nasaba katika nchi aondolewe. Sheria ya mamlaka za wenyeji ikatolewa mwaka 1926. Basi likazuka swali ambalo halikuweza kuepukwa, nalo ni hili: ikiwa chifu ndiye atakayeshika hazina, ahukumu kesi, akusanye kodi na kuandika hesabu, nani atamfundisha mwanawe? Idara ya Elimu, iliyoanzishwa mwaka 1920 chini ya Stanley Rivers-Smith, ilikwisha kutembelewa mwaka 1924 na tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mwenye elimu kubwa, James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu; na mwaka 1925 serikali na wamisheni wakakutana Dar es Salaam kushauriana juu ya elimu ya nchi nzima. Katika miaka hiyohiyo Shule ya Serikali ya Tabora ikafunguliwa kwa ajili ya wana wa machifu na warithi wao.

Kuchaguliwa kwa Tabora hakukuwa bahati nasibu. Milki zilizokuwa na watawala wenye nguvu na nasaba ndefu zilikuwa upande ule wa nchi: Unyamwezi yenyewe, Usukuma, Buhaya, Buha. Reli ilipita hapo, na mwaka 1928 tawi lake la Mwanza lilipokamilika, mji ukawa kiungo baina ya pwani na maziwa mawili. Fauka ya hayo, mji ulikuwa mdogo na mkavu, hauna bandari wala anasa za kumpotosha kijana. Nadhani Waingereza walitazama pia jambo lingine, ingawa halikutajwa katika maneno yao: kwamba kijana aliyetolewa mbali na baraza la babaye angeinama kwa urahisi zaidi kufuata mkono wa mwalimu. Walichotaka kukijenga kilikuwa nakala ya zile shule za bweni za kwao zinazolea watawala; na kwa kweli wapo walioiita shule hiyo Eton ya Tanganyika.

Safari ya kufika shuleni ilikuwa sehemu ya elimu, na pengine sehemu kubwa. Kijana wa Musoma aliteremka ufukoni na sanduku lake la bati, akapanda meli ya ziwa hadi Mwanza, kisha gari moshi likamchukua usiku kucha na zaidi katika misitu ya miombo mpaka stesheni ya Tabora. Na kijana wa Bukoba alikuja kwa njia hiyohiyo kutoka upande wa pili wa ziwa. Yule wa nyanda za juu za kusini ilimbidi kwanza ayatafute malori, na kabla ya malori miguu yake, hadi aikute reli. Yule wa pwani alikuwa na sahali zaidi, kwani aliingia gari moshi Dar es Salaam na kuteremka Tabora. Katika mabehewa ya daraja la tatu walikutana watu ambao baba zao hawakupata kuonana, na ambao babu zao, kama walionana, walionana kwa mikuki. Mmoja alizoea ndizi na mwingine ugali wa mtama. Mmoja alisalimu kwa kupiga magoti na mwingine kwa kushika mkono. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, kile walichosomeshwa katika shule za mwanzo, na kile kilichokuwa kimekwisha kukaa Tabora tangu siku za misafara, kikasemwa sokoni na stesheni kama kwamba hapo ni pwani.

Utaratibu wa siku katika shule kama ile ulipangwa kwa kengele. Kengele ya kwanza ililia kabla ya jua, na vijana wakatoka mabwenini kwenda kuoga kwa maji ambayo aghalabu hayakutosha, maana Tabora wakati wa kiangazi ni nchi ya kiu. Kitanda kilitandikwa kwa namna moja, blanketi likakunjwa kwa namna moja, na kiranja wa bweni akapita akitazama kucha, meno na kola. Ukafuata usafi wa viwanja, kila kundi na sehemu yake ya kufagia, kisha mazoezi ya viungo au gwaride, kisha uji, kisha kukusanyika kwa wote, majina yakiitwa na matangazo yakisomwa. Masomo yalishika asubuhi na sehemu ya mchana: Kiingereza kwanza na Kiingereza mwisho, hesabu, jiografia, historia iliyokuwa zaidi ya Uingereza na dola yake, na elimu ya viumbe. Alasiri ilikuwa ya kazi za mikono na bustani, na baada yake ya mpira, uliochezwa miguu mitupu katika uwanja mgumu, kwa bidii ambayo walimu waliisifu na ambayo wanafunzi hawakuhitaji kusifiwa ili wawe nayo. Usiku ukawa wa kujisomea kwa kimya, kiranja akikaa mbele, mpaka kengele ya mwisho ilipoamuru taa zizimwe.

Mtu anayeisoma orodha hiyo kwa haraka ataona ni maisha ya askari, naye hatakosea sana. Lakini nataka asisahau kwamba vijana wale walikuwa wana wa wakubwa. Huyu aliyeshika fagio alikuwa na watumishi nyumbani kwa babaye. Yule aliyetumwa maji na kiranja mwenye mwaka mmoja zaidi yake angeweza kesho kuwa mtawala wa watu laki. Waingereza waliamini, kwa mujibu wa desturi ya shule zao wenyewe, kwamba hawezi kuamrisha ila aliyepata kuamrishwa. Kwa hiyo wakaweka ngazi ya vyeo miongoni mwa wanafunzi, kutoka kiranja wa bweni mpaka kiranja mkuu, na kila daraja ikapewa haki zake, na zaidi ya haki, starehe zake. Mtoto aliingia chini kabisa akatumikia, kisha akapanda, akatumikiwa. Mpango huo uliwafunza utii, usafi na kuheshimu saa, na sitaki kuudharau, maana wengi waliopita humo walikuwa watu wa kazi na watu wa ahadi. Lakini ulifunza pia kwamba cheo ni posho, na kwamba aliye juu hula zaidi kwa sababu yu juu. Somo hilo halikuandikwa katika kitabu chochote, nalo liliingia ndani zaidi kuliko jiografia.

Yafaa hapa nitaje shule nyingine, kwa kuwa inaangaza hii. Huko Malangali, katika nchi ya nyanda za juu za kusini, mwalimu Mwingereza aitwaye Mumford alifungua shule mwaka 1928 akikusudia kinyume cha nakala ya Kiingereza. Majengo yalifuata tembe za wenyeji, wanafunzi walivaa mavazi ya kikwao, wazee walialikwa wakae shuleni kufundisha mila, na ngoma na kurusha mikuki vikawekwa katika ratiba. Nia ilikuwa njema, na mtu wa leo anayeona uchungu kwa mila zilizopotea atavutwa nayo. Hata hivyo haikudumu sana katika sura ile baada ya Mumford kuondoka, na sababu yake haijifichi. Mzazi aliyempeleka mwanawe shuleni hakumpeleka kujifunza kurusha mkuki, kwani huo angeurusha nyumbani. Alimpeleka apate kile ambacho mzungu anacho, yaani kusoma, kuhesabu, na ile lugha ambayo barua za serikali ziliandikwa kwayo. Kati ya Malangali na Tabora, watu walichagua Tabora. Na vijana wa Tabora nao, katika yale waliyopewa, wakachagua walichokitaka.

Kadiri miaka ilivyopita mlango ulipanuka. Haikuwezekana shule ya juu ya serikali ibaki ya warithi peke yao, kwanza kwa sababu warithi wote hawakuwa na akili za vitabu wala hamu navyo, na pili kwa sababu serikali yenyewe ilihitaji waganga wasaidizi, walimu, mabwana shamba na makarani wa juu, wala watu hao hawapatikani kwa nasaba bali kwa mtihani. Basi wakaanza kuingia vijana waliochaguliwa kwa kufaulu katika shule za wilaya, wana wa wakulima na wafugaji, wakalala katika mabweni yaleyale na kufagia viwanja vilevile. Mtihani haukuuliza mtu ni mwana wa nani. Katika nchi ambayo jibu la swali hilo ndilo lililoamua kila kitu, kutoulizwa kulikuwa inkilabi ndogo.

Miongoni mwa waliokuja kwa njia hiyo alikuwa Kambarage, yaani Julius Nyerere, rais wa baadaye, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Nasema kwa njia hiyo, ijapokuwa babaye alikuwa chifu, kwa sababu Uzanaki ulikuwa milki ndogo na yeye hakuwa mrithi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akachunga mbuzi, akacheza bao na wazee, na hakuingia darasani mpaka mwaka 1934, alipopelekwa shule ya Mwisenge huko Musoma akiwa na umri wa miaka 12. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, alifaulu kwenda Tabora, akakaa huko hadi mwaka 1942. Hakuwa mtu wa viwanjani, michezo aliiepuka. Alikuwa mtu wa maktaba, ambamo alikinoa Kiingereza chake kwa vitabu mpaka akakifikisha mahali ambapo wachache walikifikisha, na wenzake walimkumbuka kuwa mshindani mkubwa wa kutafuta nafasi ya kwanza katika mitihani. Aliposoma kitabu cha Baden-Powell juu ya uskauti, alisaidia kuanzisha kikosi cha maskauti shuleni. Lakini mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa katika chama cha midahalo.

Naomba msomaji anipe wasaa juu ya jambo hili la mdahalo, maana ndilo kiini cha niliyokusudia kuyasema. Mdahalo wa shule una kanuni zake. Hoja huandikwa na kutangazwa kabla. Huchaguliwa mwenyekiti, ambaye hana haki ya kuegemea upande wowote. Husimama mtoa hoja na msaidizi wake, kisha mpinzani na msaidizi wake, kila mmoja kwa dakika zake. Kisha ukumbi hufunguliwa, na kila aliyeinua mkono akaruhusiwa husema akimwelekea mwenyekiti, si adui yake. Na mwisho hupigwa kura, mikono ikahesabiwa, na hoja ikapita au ikaanguka. Anayeshindwa huketi. Wiki nyingine huenda akapangwa kuutetea upande ule alioupinga, akalazimika kutafuta burhani za maneno asiyoyaamini, na kwa hivyo akajua kwamba hata asiyekubaliana naye ana akili.

Sasa lilinganishe jambo hilo na baraza alilolijua kijana huyo nyumbani. Wazee wetu walikuwa na ufasaha mkubwa, wala sikubaliani na wale wanaosema kwamba kujadiliana kuliletwa na wageni. Nyerere mwenyewe aliandika baadaye kwamba wazee huketi chini ya mti wakasema mpaka wakubaliane. Lakini katika baraza mtu husema kwa umri wake na kwa daraja lake, vijana hukaa nyuma wakisikiliza, na neno la mtawala ndilo linalofunga mashauri. Katika ukumbi wa shule mtoto wa mchunga ng'ombe alisimama mbele ya mwana wa mtemi, akamwambia kwa adabu zote kwamba hoja yake haina msingi, kisha mikono ikainuliwa, na mwana wa mtemi akashindwa, na hakuna aliyechukuliwa hatua. Waingereza waliuleta mchezo huo ili vijana wazoee Kiingereza na wapate kunyooka ulimi. Hawakuona, au waliona wakapuuza, kwamba shule iliyojengwa ili kuhifadhi mamlaka ya nasaba ilikuwa inawazoesha wanafunzi wake, jioni baada ya jioni, kuona jambo likiamuliwa bila ya nasaba.

Hamu hiyo ya kujadili haikuishia katika kuta za shule. Tangu mwaka 1923 Idara ya Elimu ilikuwa ikitoa gazeti la Mambo Leo, na katika kurasa zake walimu na makarani wa nchi nzima walitungiana mashairi, wakaulizana maana za maneno, wakabishana juu ya mahari, mavazi na malezi. Gazeti lilikuwa la serikali, na siasa haikuruhusiwa humo. Lakini mtu wa Songea alijibiwa na mtu wa Pangani mbele ya macho ya wasomaji wote, na hilo nalo lilikuwa darasa.

Kuhusu vyeo vya shule, inasimuliwa kwamba walimu walipendekeza Kambarage awe kiranja mkuu, na mkuu wa shule akakataa akisema kijana huyo ni mpole mno kwa kazi hiyo. Naliona neno hilo kuwa ushahidi mkubwa juu ya shule yenyewe kuliko juu ya kijana. Ikiwa upole ni ila inayomzuia mtu kuongoza wenzake, basi uongozi uliokuwa ukifunzwa ulikuwa wa namna moja tu. Tena Machi 1942, katika mwaka wake wa mwisho, Chifu Burito akafariki. Mwana aliomba ruhusa ya kwenda kwao kuzika, akakataliwa. Ufalme mdogo wa Uzanaki ukamwendea nduguye, Edward Wanzagi. Fikiri basi hali ya kijana wa miaka 19 aliyekaa katika shule iliyojengwa kwa heshima ya machifu, ilhali chifu mmoja, ambaye ni babaye mzazi, anatiwa kaburini pasipo yeye kuwapo. Utaratibu wa kengele haukuwa na nafasi ya matanga. Sijui namna ya kulieleza jambo hilo pasipo huzuni, wala sioni haja ya kuificha.

Alikwenda Makerere mwaka 1943, na mwisho wa mwaka huo akabatizwa kwa jina la Julius. Huko Makerere, pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, alianzisha jumuiya ya ustawi wa wanafunzi wa Tanganyika. Kisha akarudi Tabora, safari hii akiwa mwalimu. Wala hakurudi katika shule ya serikali iliyomlea, bali alifundisha katika shule ya Mapadri Weupe ya Mtakatifu Maria, ambayo siku hizi yaitwa Mihayo, kutoka mwaka 1946 hadi mwaka 1949. Mji mdogo huo ulikuwa sasa na shule mbili za juu za wavulana zilizotazamana, moja ya serikali na moja ya misheni, na kila mwenye kuijua hali ya miji ya namna hiyo atafahamu jinsi shule mbili zinavyoutia uhai mji. Raia husimama kando ya uwanja siku ya mechi, wenye maduka hujua majina ya wafungaji mabao, na habari za mitihani hujadiliwa katika vibaraza vya kahawa. Mwalimu Nyerere alifundisha elimu ya viumbe pamoja na somo jingine. Jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila ya malipo. Akaingia katika tawi la Jumuiya ya Waafrika. Na kwa muda mfupi akashika kazi ya kukagua bei za madukani, akaiacha alipoona taarifa zake kwa wakubwa hazifuatwi. Darasa lilikuwa limetoka nje ya shule likaingia mtaani.

Yaliyofuata ni ya tarehe ya nchi nzima: masomo yake Edinburgh, ualimu wake Pugu, na kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Nitayapita, ila nitasimama katika Januari 1958, kwa sababu mambo yalirudi Tabora. Serikali ya wakoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kuwachagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na ambamo haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Wanachama wengi wa TANU waliona ni tusi, wakafika katika mkutano mkuu Tabora na nia ya kuususia uchaguzi huo. Hisia zao zilikuwa za haki, na mwenye kuziwasha angepigiwa makofi bila ya taabu. Nyerere alisimama kutetea upande usiopendwa: kwamba chama kikisusa, viti vitachukuliwa na wapinzani wake, na uhuru utachelewa, kwamba sharti baya liingiwe ili livunjwe kutoka ndani. Mabishano yalichukua siku, mikono ikainuliwa, na hoja yake ikapita. Watu waliupa uamuzi huo jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu, aliyeshindwa katika mjadala ule na asiyekubali kugeuza rai yake, alitoka akaunda chama chake mwenyewe, na hiyo pia ilikuwa haki yake. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda. Siku za mkutano ule ilikuwa imepita miaka 21 tangu Kambarage ateremke katika stesheni ya mji ule na kuingia bwenini.

Uhuru ulipopatikana, wanafunzi wa Tabora walionekana katika kila baraza la serikali mpya. Rashidi Kawawa na Oscar Kambona ni wawili tu wa kutaja. Na mwaka 1963 serikali hiyohiyo ikaifuta sheria ya machifu. Ile kazi ambayo shule ilijengwa kuwaandalia vijana haikuwako tena, nayo ilifutwa kwa kura ya watu ambao baadhi yao walisoma humo. Mwaka 1967 likaja tangazo la Elimu ya Kujitegemea, mashamba ya shule yakapanuliwa na jembe likapewa heshima iliyokuwa ya gwaride. Mwaka 1969 sheria ikazitia shule za misheni katika mikono ya taifa.

Baki la habari ni la mtu mmoja. Abdallah Fundikira, aliyezaliwa mwaka 1921 katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alikuwa hasa yule mwanafunzi ambaye Cameron na wenziwe walimkusudia: mrithi wa milki kubwa, mzaliwa wa Tabora, aliyesoma Tabora na Makerere pamoja na rika la Nyerere. Alitawazwa mtemi mwaka 1957, akawa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru, na mwaka 1963 akajiuzulu na kukiacha chama. Mwaka 1965 katiba ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na ukumbi wa mdahalo ukawa na upande mmoja. Hapa sina budi kusema kwamba Nyerere, aliyejua kuliko wote thamani ya mpinzani, aliridhika kwa miaka mingi na ukumbi wa namna hiyo, akiamini kwamba nchi changa haistahimili mgawanyiko. Nami naona hapo aliisahau sehemu bora ya shule yake. Lakini mwaka 1990, akiwa hayumo tena katika urais, ndiye aliyetangulia kusema hadharani kwamba kuujadili mfumo wa vyama vingi si uhaini. Mjadala ukafunguliwa nchi nzima, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Miongoni mwa wa kwanza kusimama upande wa pili, akiongoza chama kipya cha UMD akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alikuwa Chifu Fundikira.